BREKI ZA KIGARI CHA ZAMANI: SOMA HAPA KABLA HUJAPAKIA ODA ZA WATEJA

Somo la leo ni refu kidogo. Kama uko dukani na wateja wamesimama mbele yako, lihifadhi, ulisome jioni ukiwa umetulia.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni, tukishaanza kupata oda za maana, kitu cha kwanza tunachowaza ni usafiri wetu wenyewe. Unachoka kubembeleza makondakta na bodaboda. Hela ya gari mpya hakuna, kwa hiyo unaangukia Starlet, Vitz, Duet au Corolla ya zamani. Ni uamuzi mzuri tu, vigari hivi havili mafuta na spea zake zipo. Shida ni kwamba gari ilitengenezwa kubeba watu wanne na mabegi yao, sisi tunang'oa siti ya nyuma tunapakia magunia. Magunia manne ya kilo 100 ni kilo 400, sawa na watu wazima sita, na dereva bado hajapanda. Injini italalamika kwenye mlima, utaisikia. Breki hazilalamiki mpaka siku unazihitaji.

Swali ninaloulizwa sana na wenzangu wanaotoa mzigo huku ziwani ni hili: "Nibadilishe breki niweke kubwa?" Jibu langu: inawezekana, na kwa baadhi yenu inafaa, ila ni hatua ya mwisho. Gari nyingi za zamani hazihitaji breki kubwa, zinahitaji breki zake zenyewe zirudi kufanya kazi. Mimi sio fundi, nina duka hapa Lituhi. Nayajua haya kwa kusoma, kwa kumshikia fundi tochi, na kwa kuuliza maswali mpaka anachoka.

KWA NINI HUKU KWETU NI ISHU KUBWA

Anayefanya delivari Dodoma mjini, barabara imenyooka, breki mbovu zinaweza kumvumilia miezi. Sisi tuko kando ya Ziwa Nyasa, ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na masoko yetu yako juu. Dagaa na mchele vinapanda kwenda Kitai, Mbinga na Songea. Bidhaa za dukani zinashuka. Ukitokea Mbinga kuja Mbamba Bay unateremka kutoka milima ya Umatengo kona baada ya kona. Njia ya Kitai kuja Lituhi nayo ina miteremko yake, na kipande kikubwa unagawana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo hayasimami kirahisi kukupisha wewe na Starlet yako.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Zamani barabara ilikuwa mawe na matope, unashuka na gia namba moja, gari inajizuia yenyewe. Sasa Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, na huku Kitai vipande vya lami vinaongezeka. Kigari kilekile, na breki zilezile za mwaka 1996, sasa kinashuka na spidi 80. Na spidi haina hesabu ya kawaida. Ukitoka 40 kwenda 80 umezidisha spidi mara mbili, lakini kazi ya kuisimamisha gari inazidi mara nne. Sote tunaipenda lami, mimi wa kwanza. Lakini imezipa breki kazi ambayo vumbi lilikuwa linaifanya bure.

BREKI NI JOTO

Ukielewa hapa umeelewa somo zima. Breki haziui spidi, zinaigeuza kuwa joto. Pedi inabana diski, vinasuguana, vinapata moto, na moto ule unaondoka na upepo.

Chukua mfano. Gari na mzigo wake ni kilo 1,200. Inashuka mlima wenye kimo cha mita 300, namaanisha kutoka juu kwenda chini, sio urefu wa barabara. Joto linalotoka hapo lingetosha kuchemsha maji lita 10 kutoka ubaridi wa kawaida mpaka yanatokota. Upepo na matairi vinachukua sehemu yake. Injini inachukua sehemu nyingine kama umeweka gia ndogo. Kinachobaki chote kinaingia kwenye breki, na nyingi kinaingia kwenye diski mbili za mbele, vipande vya chuma vya kilo chache tu. Ndiyo maana ukishuka mlima huku umekanyaga breki muda wote unasikia ile harufu ya kuungua.

Joto likizidi kuna mambo mawili yanayoweza kutokea, na ujue kuyatofautisha. La kwanza, pedali ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu, gari haisimami. Hapo pedi zimepata moto mpaka zinateleza juu ya diski. La pili, pedali inakuwa laini na inazama mpaka chini. Hapo oili ya breki imechemka, imetengeneza mvuke ndani ya mabomba, na mvuke unabanika wakati oili haibaniki. Unakanyaga hewa. Hili la pili ndilo linaloua, kwa sababu linakuja ghafla kwenye gari ambayo asubuhi ilikuwa inasimama vizuri kabisa.

ANZA NA OILI, NI RAHISI KULIKO KITU KINGINE CHOCHOTE

Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewani, polepole, hata kama gari imelala tu. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. DOT 4 inaanzia 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imenyonya. Sasa piga picha gari iliyokaa miaka 8 na oili ileile, nyeusi kama chai ya rangi, huku kwenye unyevu wa ziwani. Unashuka nayo mlima na kilo 400 nyuma.

Kwa hiyo maboresho ya kwanza ya breki, kabla hujanunua chuma chochote, ni kutoa oili yote ya zamani na kuweka mpya, na kutoa upepo magurudumu yote manne. Kama kifuniko cha kopo kwenye injini kimeandikwa DOT 3, unaweza kuweka DOT 4, zinaendana. Ila usiweke DOT 5. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi, ni kitu tofauti kabisa. Kuna DOT 5.1 ambayo jina linafanana lakini yenyewe ni ya ukoo wa DOT 3 na 4, haina tatizo. Rudia kila baada ya miaka 2. Na nunua kopo lililofungwa. Lile lililofunguliwa likakaa kwenye rafu miezi sita limeshaanza kunyonya.

Kuna watu wakiona oili imepungua wanaongeza oili ya injini, au maji, "nifike tu". Nakuomba usifanye hivyo. Oili ya injini inavimbisha mipira yote ya ndani ya breki, kuanzia masta silinda mpaka kwenye magurudumu. Utakuja kubadilisha kila kitu. Na kumbuka, oili ikipungua ina sababu. Ama pedi zimeisha ama kuna sehemu inavuja.

HALAFU RUDISHA BREKI ULIZONAZO

Starlet nyingi za kawaida, na wenzake wa umri ule, zina diski mbele na dramu nyuma. Mbele ndipo kazi ilipo, kwa sababu ukifunga breki uzito wote wa gari unaegemea mbele. Mwambie fundi afungue gurudumu akague haya:

Zile pini ambazo kalipa inatelezea. Zikikauka grisi na kuingia vumbi, kalipa inagoma, pedi ya upande mmoja inaisha na ya pili iko nene kama mpya. Hilo ukiliona, usibadilishe pedi tu. Safisha pini, paka grisi ya breki inayostahimili joto, angalia vipira vyake kama havijachanika.

Unene wa diski. Diski nyingi zimegongwa namba ya unene wa mwisho, tafuta maandishi MIN TH pembeni au katikati. Diski iliyoliwa inakuwa nyepesi, na nyepesi inapata moto haraka. Ni sawa na sufuria nyembamba, inaunguza ugali.

Mipira inayopeleka oili kwenye magurudumu. Ikizeeka inapasuka kwa nje, hiyo utaiona. Lakini mingine inavimba ukikanyaga, hivyo nguvu ya mguu wako inaishia kwenye kutanua mpira. Mwingine unaziba kwa ndani, oili inakwenda lakini hairudi, gurudumu linabaki limejibana na linachemka bila wewe kujua. Gari ya miaka 25 yenye mipira iliyotoka nayo kiwandani, ibadilishe yote.

Nyuma ndipo panaposahaulika. Breki shuu zikiisha, nafasi kati yake na dramu inaongezeka. Kuna kifaa kidogo ndani kinachotakiwa kusogeza chenyewe, lakini kwa vumbi letu huwa kimeganda. Dalili yake: pedali inaingia ndani sana ukikanyaga mara ya kwanza, ukikanyaga mara ya pili haraka inakuja juu. Watu wanapeleka gari kuwekewa masta silinda mpya, kumbe ni kusafisha dramu na kusogeza tu. Angalia pia kama kuna unyevu wa oili ndani ya dramu. Ukiwepo, silinda ndogo ya gurudumu inavuja, na breki shuu zilizolowa oili hazifai tena, hata ukizipiga msasa.

Na matairi. Breki zinasimamisha gurudumu, tairi ndiyo inasimamisha gari. Tairi kipara kwenye changarawe, hata uweke breki za lori utaserereka tu.

Nakwambia ukweli, gari nyingi zikifanyiwa hayo hapo juu, mwenyewe anashangaa na anaacha kuulizia breki kubwa.

SASA BREKI KUBWA ZENYEWE

Zinamfaa nani? Mtu anayeshuka mlima na mzigo kila wiki. Kama safari zako ni Lituhi hadi Liuli kufuata ufukwe, hela yako iweke kwenye stoku.

Unachotafuta hapa sio breki kali zaidi, ni breki zinazopoa. Diski za kawaida za baadhi ya vigari hivi ni sahani moja ya chuma. Diski za kisasa zaidi zina sahani mbili zenye uwazi katikati, hewa inapita ndani zikizunguka, na chuma chenyewe ni kingi. Mafundi wanaziita diski zenye matundu ya hewa. Ukichungulia pembeni mwa diski utayaona.

Njia ya akili ni kutafuta ndugu wa gari yako aliyetoka kiwandani na breki kubwa. Mfano Starlet: zile za turbo, GT Turbo ya umbo la 1989 hadi 1995 na Glanza V ya umbo la 1996 hadi 1999, zilikuwa na diski za mbele zenye matundu. Kwa hiyo mwenye Starlet ya kawaida anaweza kutafuta breki za mbele za mtumba kutoka kwa ndugu yake, badala ya fundi kuanza kuchomelea vyuma vya gari nyingine. Ukisikia neno "kuchomelea" kwenye habari za breki, ondoka kwenye gereji hiyo.

Mambo ya kuzingatia ni haya. Nunua seti nzima ya pande zote mbili: diski, kalipa, kile chuma kinachoshika kalipa, na ikiwezekana kile kitovu kizima cha gurudumu kinachofungiwa kalipa, kwa sababu matundu ya boli yanaweza yasiendane. Kalipa kubwa haipiti kwenye kila rimu. Starlet za turbo zilitoka na rimu za inchi 14, na wewe kama una za 13 unaweza kufunga breki vizuri halafu gurudumu likagoma kuzunguka. Pima rimu kabla ya kulipa. Tena, kalipa yenye pistoni kubwa inahitaji oili nyingi zaidi kwa kila mkanyago, kwa hiyo masta silinda ya zamani inaweza kufanya pedali iingie ndani. Muulize fundi swali hilo mapema, akikuangalia tu bila jibu umeshajua.

Kuna wanaotaka kutoa dramu za nyuma waweke diski. Inapendeza ukiangalia kupitia rimu, sikatai. Lakini nyuma inafanya kazi ndogo, unaingia gharama ya breki ya mkono upya, na ukikosea ukazifanya za nyuma kuwa kali kuliko za mbele, gurudumu la nyuma litafunga kwanza. Gari inageuka mkia mbele. Dramu nzima, safi, iliyosogezwa vizuri inatosha kabisa.

UKIAGIZA SPEA MTANDAONI

Hapa sisi wauzaji tunajuana. Usiandike "nataka breki za Starlet". Piga picha kile kibati cha injini chenye namba ya chesesi na modeli, kama EP82 au EP91, mtumie muuzaji. Omba picha ya diski ikiwa na rula juu yake, upana na unene, na picha ya upande wa pili wa pedi, sio boksi peke yake. Maboksi yanachapishwa popote. Pedi feki bei yake ni tamu, lakini nyingine zinaachia gundi, nyama inabanduka kutoka kwenye bati lake. Kalipa za mtumba, omba video pistoni ikisukumwa. Zikifika zikiwa na kutu kwenye pistoni, rudisha. Na wewe unayeuza spea, ukiweka hizo picha kwenye posti zako kabla hujaombwa, utaona maswali yanapungua na wanaolipia wanaongezeka.

Bado unatakiwa kuendesha kwa akili. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Gari ya otomatiki toa kwenye D weka 2 au L. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, punguza spidi, achia zipoe, kuliko kuzishikilia kidogokidogo mlima mzima. Pedali ikianza kubadilika, weka gia ndogo, vuta breki ya mkono taratibu, tafuta pa kusimama, kaa nusu saa. Usimwagie maji diski za moto, zinapinda au kupasuka. Na kwenye mazungumzo na mteja usiandike "saa 6 kamili nitakuwa mlangoni kwako". Andika "mchana". Hiyo saa 6 kamili ndiyo inayokusukuma kwenye kona.

GHARAMA INGIZE KWENYE BEI

Tuseme, kwa mfano tu, matengenezo yote yamekula 320,000. Unasafiri mara 2 kwa wiki, kama safari 96 kwa mwaka. Hiyo ni karibu 3,330 kwa safari. Kama unabeba oda 15, kila oda inabeba kama 225. Hakuna mteja atakayekukimbia kwa 225, ila ukiiweka pembeni kila safari, mwakani pedi zikiisha hela ipo, hukopi. Bima pia waulize: gari iliyokatiwa kama ya matumizi binafsi, ukibeba mizigo ya biashara na ukawa umebadilisha breki, wanasemaje? Waulize leo wakiwa wanataka hela yako.

Siku ya kufunga pedi na diski mpya usipakie mzigo. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, nenda 50, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia kama mara 10 ukiacha zipoe katikati, ili pedi na diski zizoeane. Kisha fanya jaribio la pedali: gari ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka iwe ngumu, endelea kuishikilia, washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu wako, maana yake busta inafanya kazi. Ikiendelea kuzama polepole mpaka chini, kuna sehemu inavuja au masta silinda imechoka, rudi gereji. Baada ya safari ya kwanza na mzigo, fungua boneti uone kiwango cha oili, kaza nati za magurudumu, na uinamie kila gurudumu uangalie kama kuna unyevu kwa ndani. Shika rimu kwa tahadhari: moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa ya upande huo bado inabana.